Moyo Haungoji Ruhusa ya Mnyapara



Kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda kimoja kando ya barabara ya Jinja, hapa Kampala. Hatutaji jina lake wala la kiwanda, maana mjane wake angali anapanga chumba Namuwongo, upande wa reli, na watoto wake wawili wanatafuta kazi katika viwanda hivyo hivyo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Hakuwa mnene, hakuwa na mali, na nyama aliila siku ya mshahara.

Saa nane ya usiku alisimamisha mashine, akashika kifua. Alisema anasikia kama mtu amemkalia kifuani, na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Jasho la baridi lilimtoka, ingawa alisimama karibu na dirisha lililo wazi. Mnyapara alipofika alimwambia, "Mzee, hivyo ni vidonda vya tumbo. Kunywa maziwa, pumzika kidogo, halafu urudi kazini." Mama mmoja wa idara ya kufungasha alitoa vidonge vyake vya tumbo, akampa. Maumivu hayakupungua. Ikatafutwa karatasi ya kutokea getini, na mwenye muhuri alikuwa amelala katika ofisi ya jengo la pili. Mlinzi hakukubali kufungua bila muhuri, nasi hatumlaumu sana, kwa kuwa mwezi uliotangulia mwenzake alifukuzwa kwa kosa la namna hiyo. Tulitoka getini saa tisa na nusu.

Tulimpakia kwenye bodaboda, mgonjwa katikati na mmoja wetu nyuma akimshikilia. Zahanati ya kwanza ilikuwa na mhudumu mmoja aliyepima presha na kumchoma sindano ya malaria. Hospitali tuliyokwenda baadaye, ya kulipia, ilitaka amana kabla mgonjwa hajapelekwa ndani. Tulikung'uta mifuko, tukawapigia simu watu waliolala, na fedha hazikutimia. Saa kumi na mbili kasorobo, ndani ya gari la kukodi tukielekea Mulago, alikata roho mabegani mwetu. Tangu mashine yake hadi pale alipofia, njia yote haikuzidi kilomita kumi na tano. Ilituchukua karibu saa nne.

Siku ya mazishi watu walisema siku yake ilikuwa imefika. Hatubishani na mapenzi ya Mungu. Lakini ukizihesabu zile saa nne moja moja, utaona kila moja ina mwenyewe: kuna ya mnyapara, kuna ya muhuri, kuna ya zahanati, kuna ya amana. Na sisi tuliompa vidonge vya tumbo tuna yetu pia.

Sisi tunaoandika safu hii si madaktari. Tumeuliza, tumesoma, na tunaeleza kama tulivyoelewa. Moyo ni bomba la kusukuma damu, na lenyewe linalishwa kwa mishipa yake midogo. Kwa miaka mingi mishipa hiyo huweza kujengeka mafuta na makovu ndani, ikawa myembamba, na mtu asijue. Siku moja mahali palipojengeka panapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba. Nyama ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaanza kufa, kama vile miche iliyo mwisho wa mfereji ulioziba matope. Miche unaweza kuipanda tena. Nyama ya moyo ikishakufa haioti. Ndiyo maana ugonjwa huu hutibiwa kwa kutazama saa: kuzibua mshipa mapema, kabla nyama nyingi haijafa. Mara nyingine moyo hupoteza mapigo ghafula, na mtu huanguka pale pale. Huyo asipobonyezwa kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara mia au zaidi kidogo kwa dakika, hana dakika nyingi.

Kwa nini basi kila aliyemwona mwenzetu, kuanzia mnyapara hadi mhudumu wa zahanati, hakufikiria moyo? Kwa sababu sote tumelelewa katika imani kwamba mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa matajiri na wazungu. Imani hiyo ina asili yake, na asili yenyewe ni hapa hapa Kampala. Mwaka 1959 madaktari wawili waliofanya kazi hapa, Shaper na Jones, waliandika katika jarida la Lancet la Uingereza kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwa Waafrika wa Uganda, ilhali Wahindi wa nchi hii hii waliugua sana. Mwaka uliofuata, 1960, wataalamu wengine walilinganisha maiti zilizopasuliwa Uganda na zilizopasuliwa katika mji wa St. Louis, Marekani. Katika maiti 632 za Uganda walikuta alama ya mshtuko wa moyo katika maiti moja. Katika maiti 632 za St. Louis, za watu wa umri kama ule ule, walikuta 136.

Tunaamini mabwana hao walisema kweli ya siku zao. Lakini mtu waliyempima, aliyelima shambani mchana, akala ndizi na maharagwe, akalala jua lilipotua, si huyu tunayemzungumzia. Huyu wetu anasimama saa kumi na mbili mbele ya mashine, anakula chapati iliyokaangwa kwa mafuta yaliyochemshwa tangu juzi, anavuta sigara ili asisinzie, na presha yake haijapimwa tangu azaliwe. Mwaka 2004 ulitolewa utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 52, Afrika ikiwemo, na ukaonyesha kwamba mambo yanayoleta mshtuko wa moyo ni yale yale kila mahali: sigara, presha, ugonjwa wa sukari, mafuta mabaya katika damu, kitambi, msongo wa mawazo na mengineyo machache. Ngozi ya mtu haimkingi. Umaskini nao haumkingi.

Lipo jambo jingine ambalo wakubwa hawapendi kulisikia, nalo ni saa za kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu yao ya pamoja. Waliona kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17 kuliko mwenye saa 35 hadi 40, na ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35. Kwa mwaka 2016 peke yake walihesabu vifo 745,000 duniani vilivyotokana na saa nyingi za kazi, na katika hivyo 347,000 vilikuwa vya moyo. Sasa fungua Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006. Inaweka saa 48 kwa wiki, kisha inaruhusu ziongezwe hadi 56. Hatari inaanza 55, ruhusa inakwisha 56. Tena hiyo ni sheria. Viwandani wengi wetu twafanya zamu ya saa kumi na mbili kwa siku sita, yaani saa 72. Na kazi ya zamu yenyewe ina lake: mwaka 2012 wataalamu waliokusanya tafiti 34, zenye watu zaidi ya milioni mbili, waliona kwamba wafanyao kazi kwa zamu hupata mshtuko wa moyo kwa asilimia 23 zaidi ya wengine.

Meneja atasema moyo wa mtu ni mali yake binafsi, na akifa kazini kwa moyo si ajali ya kazi kama aliyekatwa mkono na mashine. Wajapani, ambao hakuna awezaye kuwaita wavivu, wanasema vingine. Wao wana neno, karoshi, maana yake kifo cha kuzidiwa na kazi. Serikali yao hukubali kulipa fidia ya kifo cha moyo ikiwa marehemu alifanya saa za ziada zipatazo 100 katika mwezi mmoja kabla ya kuugua, nayo huhesabu ziada kuanzia saa 40 za wiki. Mwenzetu wa saa 72 alikuwa na ziada ya saa 32 kila wiki, au 128 kwa wiki nne. Japani mjane wake angesikilizwa. Hapa alipewa sanda, gunia la posho na barua ya rambirambi.

Sasa tuseme juu ya tiba, maana wengi hudhani tiba ya moyo ni ndege ya kwenda India. Si kweli, au tuseme si mwanzo wake.

Mwaka 1986 madaktari wa Italia walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 11,000 wa mshtuko wa moyo. Nusu yao walipewa dawa iitwayo streptokinasi, inayoyeyusha damu iliyoganda. Waliopata dawa hiyo katika saa ya kwanza tangu maumivu yaanze, vifo vyao vilipungua karibu nusu. Kadiri saa zilivyopita, faida ilipungua. Mwaka 1988 ukatoka utafiti mwingine mkubwa zaidi, wa wagonjwa 17,187 katika hospitali 417 za nchi mbalimbali. Huo uliipima streptokinasi na uliipima aspirini, ndiyo, aspirini hii hii tunayomeza kwa kichwa. Wasiopewa chochote katika hizo mbili, 13 katika kila 100 walikufa ndani ya wiki tano. Waliopewa zote mbili, walikufa 8. Na aspirini peke yake ilipunguza vifo karibu sawa na ile dawa ya sindano.

Tafadhali soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kidonge ambacho bei yake haifiki bei ya chapati moja kilifanya kazi karibu sawa na dawa ya hospitali. Dawa zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1988, mwaka ule ule Taasisi ya Moyo ya Uganda ilipoanzishwa Mulago, na bado usiku ule hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba mtu mwenye maumivu ya namna ile apewe aspirini ya miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima, ili iingie upesi. Tunaongeza onyo: asipewe mtu ambaye aspirini humdhuru, wala anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, wala aliyepooza upande mmoja ghafula, kwa kuwa huyo huenda ana kiharusi cha kuvuja damu. Na kidonge si mwisho wa safari. Kinatafunwa wakati mtu anakwenda hospitali.

Hospitalini nako kuna jambo. Katika mji wa Moshi, Tanzania, watafiti walikaa katika idara ya dharura ya hospitali wakampima kila mtu mzima aliyekuja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, kwa mashine ya umeme wa moyo na kwa kipimo cha damu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Wengi wao walikuwa hawajatambuliwa hivyo na waganga waliowapokea. Walidhaniwa wana magonjwa mengine. Baada ya siku 30, zaidi ya 40 katika kila 100 ya wagonjwa hao wa moyo walikuwa wamekufa. Katika nchi zenye uwezo hufa kama kumi katika mia, au pungufu. Hatuitaji Moshi ili kuiaibisha. Waliothubutu kuhesabu vifo vyao wamefanya kazi ya kishujaa, na wenzao wengi hawajahesabu. Wala waganga hao si wajinga. Wamefundishwa kutafuta malaria, homa ya mapafu na kifua kikuu, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyojaa wodini, na mtu huona anachokitafuta.

Tazama sasa hali yetu Namuwongo. Mtu asiyeufahamu mtaa huu angefikiri tuko porini. Sivyo. Tuko chini ya kilima cha Muyenga wanakokaa wenye nafasi, na reli inatupitia katikati. International Hospital Kampala, hospitali kubwa ya kulipia, iko Namuwongo humu humu. Kisugu, mwendo wa miguu, kuna kituo cha afya cha umma cha daraja la tatu. Mulago na Taasisi yake ya Moyo, yenye chumba cha kuzibulia mishipa kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, haziko mbali hata kilomita kumi. Kwa hiyo usituambie habari ya umbali. Mfanyakazi wa Namuwongo anaweza kuona taa za hospitali akiwa mlangoni kwake na bado akafa kama mtu aliye kisiwani.

Kituo cha daraja la tatu, kwa mpango wa serikali, ni cha wagonjwa wa kutwa, uzazi na maabara ndogo. Kinafanya kazi nzuri. Wengi wa watoto wetu wamezaliwa katika vituo vya namna hiyo. Lakini mpango huo ulitungwa kwa ajili ya mama na mtoto na homa, si kwa ajili ya kifua cha mwanamume wa miaka arobaini na minane. Twasema mashine ya kupima umeme wa moyo iwekwe katika kila kituo cha umma kilicho jirani na viwanda. Si mashine ya ajabu: waya kadhaa zinabandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na karatasi inatoka baada ya dakika chache. Karatasi hiyo inaweza kupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa daktari wa moyo aliye Mulago, naye akajibu kabla gari halijawashwa. Na streptokinasi iwepo daima katika hospitali zenye wodi na mganga wa kumwangalia mgonjwa usiku na mchana, kwa sababu dawa hiyo huweza kumtoa mtu damu na haifai kuchezewa.

Wapo wenzetu ndani ya chama wanaotupinga hapa. Wanasema, kwa nini tuombe vitu vidogo? Tudai vyumba vya kuzibulia mishipa katika kila mkoa, kama walivyo navyo Ulaya. Tunawaheshimu, na siku vyumba hivyo vikifunguliwa tutapiga vigelegele pamoja nao. Tanzania ilifungua Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, na imewasaidia wengi ambao zamani walipelekwa nje. Lakini chumba cha kuzibulia mishipa kingemfaa nini mwenzetu aliyekaa saa moja na nusu akingoja muhuri? Anayefika amekufa hahitaji chumba. Tukianza na saa ya kwanza, vyumba vitapata watu wa kuwatibu.

Juu ya fedha tunasema wazi. Serikali ya Uganda ilifuta malipo katika hospitali na vituo vyake mwaka 2001, na huo ni ushindi wa wananchi. Lakini dawa inapokosekana katika hospitali ya umma, mgonjwa hupewa kipande cha karatasi akanunue nje, na duka la dawa halijui habari za mwaka 2001. Kwa hospitali za kulipia, Wizara ya Afya ilitoa mwaka 2009 Hati ya Haki za Wagonjwa, isemayo kwamba mtu aliye katika dharura ahudumiwe bila masharti katika hospitali yoyote, pasipo kudaiwa amana kwanza. Maneno mazuri kabisa! Tulipokuwa tumesimama pale dirishani tukihesabu noti, hakuna aliyekuwa na hati hiyo, wala sisi, wala karani. Hati si sheria, na bila adhabu karani ataendelea kumsikiliza mwenye hospitali. Tunataka maneno hayo yatiwe katika sheria, na hospitali inayomtibu mgonjwa wa dharura asiye na kitu ilipwe gharama yake na mfuko wa umma, ili nayo isiwe na kisingizio.

Mfuko gani? Hapo ndipo penye kidonda. Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa mwezi wa Machi 2021, lakini haukupata sahihi ya Rais. Sisi kila mwezi twakatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 10, kwenda katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Fedha hizo ni za uzee, ulemavu na warithi. Mwenzetu alikuwa na akiba humo. Usiku ule akiba yake haikuweza kumnunulia kitanda, na baada ya kufa ikaanza safari ya kuwafikia warithi, yenye barua na vyeti vyake. Kenya, majirani zetu, walianzisha mfuko wa bima ya hospitali tangu mwaka 1966, na Oktoba 2024 wakaubadilisha kuwa mamlaka mpya inayokata asilimia 2.75 ya mshahara. Wakenya wanaulalamikia sana, na tunasikia malalamiko yao kila siku. Hata hivyo wao wanagombana juu ya namna mfuko unavyoendeshwa. Sisi hatuna cha kugombania.

Ndugu zetu wa mashamba ya miwa na chai wasifikiri haya ni ya mjini tu. Huko jambo ni zito zaidi. Shamba kubwa kama Kakira lina hospitali yake, na huo ni msaada, lakini mkata miwa au mchuma chai huanguka katikati ya shamba, penye jua, mbali na barabara, na trekta ndilo gari la wagonjwa. Tena mkata miwa hulipwa kwa kipande. Akisimama kushika kifua, kipande hakitimii, basi hasimami. Atajiambia ni uchovu, atamaliza mistari miwili, kisha ataketi chini. Wanaume hasa tuna kiburi hiki cha kutosema. Na wanawake, kama wagonjwa wa sukari, mara nyingine hawapati yale maumivu makali ya kifua. Hupata kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo na uchovu wa ghafula. Huyo ndiye anayeambiwa anadeka.

Katika mkataba wa pamoja na waajiri, basi, tunapendekeza kifungu kipya, nacho kisifichwe chini ya kichwa cha "mengineyo". Mfanyakazi mwenye maumivu ya kifua au kukosa pumzi atoke bila karatasi, mlinzi afungue, na muhuri utafutwe baadaye. Awepo katika kila zamu, hasa ya usiku, mtu mmoja aliyefundishwa dalili za moyo na namna ya kubonyeza kifua. Mwajiri awe amekwisha kupatana na mwenye gari na hospitali, na dhamana ya amana iwe yake, si ya mifuko yetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imekwisha kumtaka mwajiri awe na vifaa vya huduma ya kwanza. Tunachoomba ni vidonge vichache vya aspirini viongezwe humo pamoja na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili na Kiganda. Presha ipimwe kiwandani mara mbili kwa mwaka, na atakayekutwa nayo asifukuzwe. Bila ahadi hiyo ya mwisho watu watakimbia kipimo, nasi tutawaelewa.

Mapendekezo haya tuliyapeleka mwezi uliopita kwa meneja wa kiwanda kimoja. Alitupokea vizuri, akaagiza chai. Alisema aspirini si gharama, ila lazima aulize makao makuu, na kwamba suala la geti linahusu wizi, hivyo litahitaji kikao kingine. Tumepewa tarehe. Tulipokuwa tukitoka tulipita kwenye sanduku la huduma ya kwanza lililotundikwa ukutani karibu na saa ya kuingilia kazini. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Tulimwuliza mnyapara ufunguo uko wapi, akasema uko kwa karani wa zamu ya mchana, naye huondoka nao saa kumi na moja jioni.